Salamu Nyuma ya Lori

Mwaka aliozaliwa siujui, na ukoo wake wapo watakaoueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilimjua akiwa amesimama. Kila nikimkumbuka namwona katikati ya uwanja wa ghala kubwa la mahindi, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, koti la baridi ndani, kizibao cha rangi ya chungwa juu yake, bendera nyekundu mkono huu na ya kijani mkono ule, na malori yanamzunguka. Sisi tulimwita Mzee wa Uwanja. Madereva walimwita Trafiki wa Mahindi, na walipotaka kumuudhi walimwuliza ana cheo gani, cha gunia au cha debe.

Mimi nilikuwa mshona magunia. Tulikaa wanawake kadhaa kwenye turubai chini ya kipenu, kila mmoja na sindano yake kubwa na uzi wa katani, na kutoka pale uwanja wote ulionekana. Kwa hiyo nilimtazama misimu mingi bila hata kukusudia. Ukiinua kichwa kunyoosha shingo, yeye ndiye unayemwona.

Msimu wa kununua mahindi ukifunguliwa, Ufipa yote huhamia pale getini. Yanakuja malori marefu ya wafanyabiashara, Fuso za kukodi, matrekta yenye tela, na mikokoteni ya ng'ombe ya watu wa karibu. Bila mtu wa kuviongoza, vitu hivyo vikikutana sehemu moja vinauana. Yeye alikuwa na sheria zake na hazikuwa ngumu. Gari linaingia kwa geti moja, linapima kwenye mizani, linazunguka kushoto, linashusha, linatoka kwa geti la pili. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Hakuna kukaa juu ya mzigo; utingo anashukia nje. Gari likianza kushushwa injini inazimwa, kabari inawekwa kwenye tairi, na funguo anakabidhiwa yeye. Alizitunga funguo hizo kwenye waya kiunoni, kwa hiyo tulimsikia kabla ya kumwona, kama mbuzi mwenye kengele. Na hakuna lori kurudi nyuma hata kidogo kama yeye hajasimama mahali ambapo dereva anamwona na kutoa ishara.

Mtu yeyote aliyetaka kukatiza uwanja alimwuliza swali lile lile: "Umeona macho yake?" Alikuwa na maana ya macho ya dereva. Kama hujayaona, rudi. Alimwuliza mkulima, akamwuliza karani, akamwuliza hata padri aliyekuja kuuza mahindi ya parokia. Padri alirudi.

Nje ya mji tunapenda kusema wenye magari wana kiburi. Yeye hakusema hivyo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu wa familia ya Kiislamu yenye maduka na malori, ambaye Ijumaa moja alikuja na pikapu yake mbio akaingilia geti la kutokea. Mzee wa Uwanja akaenda kusimama mbele ya bampa. Yule akapiga honi. Mzee akabaki palepale. Kioo kikashushwa.

"Mzee wangu, mimi unanijua kweli?"

"Nakujua, Alhaji. Hata marehemu baba yako nilimjua. Geti la kuingilia ni lile."

Alhaji alimtazama, akacheka, akageuza. Tangu mwaka ule kila Idi alimletea sinia la pilau, na yeye aliligawa kwetu kipenuni huku akilalamika kwamba mwenye pilau bado anaendesha kama mtu anayekimbizwa na polisi. Ng'ombe ndio aliowasifu. Alisema dereva pekee asiyetazama simu uwanjani ni ng'ombe wa mkokoteni.

Lakini huyo mtu, akishavuka geti jioni, sheria aliziacha ndani. Nisipolisema hili nitakuwa nimemchora mtu mwingine. Alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Aliisimamisha kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi la mbele, na kwa kuwa njia ya kwake ina mteremko, kandambili ziliisha upande mmoja kabla ya wakati. Aliingia barabara ya lami bila kutazama kulia wala kushoto, anaongea na mtu aliyebaki nyuma. Siku moja nilimwuliza mbona nje hajiulizi kama ameona macho ya dereva. Akasema barabarani kila mtu yupo kwa shughuli zake, ila uwanjani watu wapo mkononi mwake. Sikuridhika na jibu lile, na mpaka leo siridhiki nalo. Angeweza kufa nalo.

Pombe ya ulezi aliipenda. Asubuhi ya kila Jumatatu alipita kwetu kipenuni kabla ya kuchukua bendera, akampulizia pumzi mama mmoja mzee tuliyeshona naye, ambaye alikuwa mkali kuliko sisi wote. Mama huyo akikunja pua, yeye hakubisha. Alimwachia mlinzi bendera, akachukua sindano, akakaa kushona na sisi mpaka mchana. Alishona vibaya sana. Tulirudia magunia yake akiwa ameshaondoka ili asione.

Sasa nieleze jambo lililomfanya ajulikane mpaka kule mbali Chala, tena kwa ubaya.

Kwetu Ufipa mtu hasalimii kwa kupita. Ukikutana na mkubwa wako unatua mzigo, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, na unabaki hapo chini mpaka akujibu. Akiwa mkwe ndiyo zaidi. Mtoto asiyejua kufanya hivyo, watu wanamwuliza mama yake alikuwa wapi. Ni jambo zuri na mimi nalipenda. Lakini mtu aliyechuchumaa nyuma ya Fuso, kwa dereva hayupo duniani.

Mwanzoni hakuna aliyeliwaza hilo, hata yeye. Halafu akaja mama mmoja kutoka Kaoze, amepanda kutoka bondeni na shemeji yake kuleta mahindi. Alipokuwa anakatiza uwanja akamwona baba mkwe wake mdogo upande wa pili. Mzee wa Uwanja alimwona yule mama akiwa amesimama nyuma ya Fuso, akamnyooshea bendera nyekundu dereva asubiri. Mtu mwingine akamwita, akageuza kichwa. Alipotazama tena, pale nyuma hapakuwa na mtu. Akadhani ameshapita. Akainua ya kijani.

Yule mama alikuwa chini, anapiga makofi.

Hakufa. Mguu mmoja ulikatwa juu ya goti. Mkuu wa ghala, ambaye alikuwa mtu mwema tu, mgeni kutoka mkoa mwingine, alitaka kuandika kwamba dereva ndiye mzembe. Mzee wa Uwanja akasimama mbele yetu sote akasema, "Ishara nimetoa mimi." Akakaa. Alisimamishwa kazi kwa muda, kisha akarudishwa, maana waliojaribu bendera hizo walishindwa ndani ya wiki moja tu.

Aliporudi alikuja na sheria mpya: ndani ya uwanja hakuna kuchuchumaa. Mkuu wa ghala alicheka, akauliza nani anachuchumaa uwanjani na kwa nini. Ilibidi aonyeshwe. Mzee alichuchumaa palepale ofisini akampigia makofi, na mkuu akaacha kucheka.

Wakamwita kijana wa mjini anayechora mabango. Akachora vizuri mtu aliyechuchumaa, akampitishia mstari mwekundu. Bango likawekwa getini. Haikupita siku wakulima wakaanza kununa. Wazee wa kijiji cha Pito walitoka kwenye foleni wakaenda moja kwa moja ofisini kuuliza ni nani aliyewasingizia kwamba wanajisaidia uwanjani, na kama ghala limekosa adabu kiasi hicho wao watauza mahindi kwa walanguzi. Tulicheka kipenuni mpaka sindano zikatudondoka. Mzee hakucheka. Aling'oa bango kwa mikono yake, akakata nguzo, akatengeneza kibanda cha mabenchi kabla ya geti, akakaa hapo asubuhi nzima kuwaeleza watu mmoja mmoja: salimianeni hapa mpaka mshibe, mkishavuka mstari ni kuinua mkono tu, na mkubwa asikasirike.

Wakubwa walikasirika. Walisema anawafundisha watoto kusalimia kama askari. Katekista mmoja alisema mbele za watu kwamba yule mzee amemtoa Mfipa ndani ya Mfipa. Na yeye mwenyewe, akiwa nje ya geti, hakuna aliyemshinda kwa salamu. Nilimwona akichuchumaa kwenye tope, suruali safi ya Jumapili, kwa bibi kizee ambaye hata hakumkumbuka ni nani. Ndiyo maana maneno yale yalimuuma.

Ikatokea binti yake akachumbiwa na kijana wa Pito. Mambo yalikuwa yameshaenda mbali, wazee wameshapokeana. Siku moja ya msimu, baba wa yule kijana akaja na trekta la kukodi. Alishuka kwenye foleni akaingia kwa miguu, amevaa koti na kofia ya heshima, akamwona mkwe mwenzake katikati ya uwanja. Angefanya nini? Alifanya alivyolelewa. Akatua fimbo, akachuchumaa, akaanza makofi. Nyuma yake kulikuwa na lori refu limewasha injini, linasubiri kurudi kwenye mlango wa ghala.

Mzee wa Uwanja alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akatupa bendera, akakimbia, akamshika mkwewe kola ya koti, akamwinua, akamkokota mpaka ukutani. Kofia ikadondoka. Funguo zilikuwa zinalia kiunoni.

Mtu hamshiki mkwe wake. Hata kumpa mkono ni kwa kujipanga. Tena mbele ya wapagazi, wauza chai na watoto.

Dereva wa lile lori akatoa kichwa dirishani akasema, "Leo Trafiki wa Mahindi kamkamata mkwewe." Watu wakacheka. Yule baba akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi taratibu, akatoka. Mahindi yake hayakuuzwa siku hiyo.

Kikao kilifanyika Pito, nyumbani kwa wakwe. Niliitwa mimi pamoja na yule mama mkali, kwa sababu tulikuwa tumekaa karibu kuliko wote. Mzee mmoja wa ukoo aliniuliza jambo moja tu: lile lori lilitikisika au halikutikisika? Mzee wa Uwanja alikuwa amekaa mkekani, hakunitazama. Nilijua jibu ninalotaka kutoa, na nilijua nilichokiona.

"Halikutikisika," nikasema. "Injini ilikuwa inaunguruma, lakini tairi halikuzunguka."

Yule mzee wa ukoo akamgeukia Mzee wa Uwanja, akasema kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe, kwamba basi ni rahisi. Aseme alikosea, pombe ipo, tunywe, watoto waoane.

Mzee wa Uwanja akapiga magoti. Akapiga makofi. Akasema, "Kwa kola nilikosea. Kwa kofia nilikosea. Kwa kelele mbele za watu nilikosea, na nitarudi kuomba tena. Kumwinua sikukosea."

"Lori halikutikisika," mkwewe akasema.

"Nimesikia."

"Kwa hiyo mimi ni gunia. Nanyanyuliwa tu."

Mke wa Mzee wa Uwanja alimgusa bega kutoka nyuma, nadhani akimwomba aseme neno hilo moja lililobaki. Ilikuwa ndoa ya mtoto wake, na binti alikuwa jikoni anasikia kila kitu. Hakulisema.

Tulirudi pamoja, yeye anakokota baiskeli. Nilikuwa na uzito moyoni kwa ushahidi wangu, nikamwambia hivyo. Akasema nilisema nilichoona; ningeongeza hata kidogo asingeniamini tena. Kisha, tulipofika kwenye mteremko, akaniambia jambo lingine bila mimi kuuliza.

"Nikisema nilikosea, siku nyingine nitamwona mtu yuko chini, nitasimama kwanza niwaze kama lori litatikisika au halitatikisika. Mimi nilishakisia mara moja, kwa yule mama wa Kaoze, mwanangu."

Watoto walioana. Walikuwa wakaidi kuliko wazee wao, na padri alisaidia. Lakini yule mkwe aliweka adhabu yake na akaishika. Hakumjibu salamu tena. Siku ya harusi, mlangoni pa kanisa, Mzee wa Uwanja alichuchumaa na kupiga makofi, na mwenzake akatazama juu, akasema mawingu ya leo hayana mvua, akapita. Bibi harusi aliona. Alilia, watu wakadhani ni kilio cha kuaga nyumbani.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Wajukuu walizaliwa, wakabatizwa, wakakimbia kutoka kwa babu huyu kwenda kwa babu yule, na mababu hao hawakuwa na salamu kati yao. Mmoja anachuchumaa, mwingine anaongelea hali ya hewa. Asiyekulia kwetu anaweza kuona ni mchezo wa wazee. Kwetu, ukiwa chini na usijibiwe, ni kama umeambiwa huna mahali pa kusimama. Binti yake alimwomba aache, asalimie kwa mbali kama anavyowafundisha watu uwanjani. Alikataa. Alisema hapa si uwanjani.

Na pale uwanjani, mimi nikiwa mtu wa kusema kweli, sheria yake haikuwahi kushika moja kwa moja. Kila msimu kuna aliyesahau. Kila msimu alikimbia na kuwainua, wengine wakamtukana. Hakuna lori hata moja lililotikisika mtu akiwa bado chini. Kwa hiyo hakupata hata mara moja siku ya kusema, "Mnaona?"

Alistaafu kifua kikiwa kimeharibika. Hospitali walisema ni vumbi la nafaka. Alikohoa kuanzia kipupwe mpaka masika. Baiskeli aliiuza, na nilifurahi ilipoondoka.

Mara ya mwisho kumwona akiwa kwa miguu yake ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilimkuta nje ya kanisa ameegemea ukuta, mkewe amemtangulia kutafuta bajaji. Nikamwamkia, akanijibu, akaniuliza habari za magunia. Pumzi yake ilikuwa fupi, anameza neno katikati. Halafu akanipa fimbo yake nimshikie. Nilipogeuka nikaona mkwewe anatoka mlangoni.

Nilimwambia aache. Mtu anayekohoa vile hakuwa na sababu ya kwenda chini. Lakini alishaanza. Alishuka kwa mkono ukutani, goti moja, kisha la pili, kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kutupisha. Akapiga makofi. Hayakuwa na sauti.

Mkwewe alisimama. Alimtazama kabisa, usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote ile, na mimi nikajua leo anajibu. Midomo ilicheza. Kisha akasema, kama anamwambia hewa, kwamba upepo wa mwaka huu utaangusha mahindi ya watu. Akaenda.

Nilimwinua kwa kumkumbatia kwapani. Alikuwa mwepesi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha, na mimi hasira zikanipanda, nikaanza kusema ni mtu wa namna gani huyu, mzee mzima, mwenzake anakufa yeye ameshikilia kofia. Akanigusa mkono ninyamaze.

"Usimseme," akasema. "Mtazame anavyotembea."

Nikatazama. Yule mzee alikuwa anateremka kuelekea barabarani, mikono nyuma, hatua ndefu. Alifika kwenye mtaro, hakutafuta daraja, akauruka.

"Ananuna akiwa na miguu yake yote miwili," akasema Mzee wa Uwanja.

Bajaji ilikuja, mkewe akaita. Hakupanda. Alibaki ameshika bega langu, anamfuata kwa macho mpaka yule mtu akavuka barabara.